Nifungeni Mimi Badala Yake

Hotuba ya hakimu mstaafu kwenye semina ya Kwaresima, katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji kiongozi, wainjilisti, wazee wa usharika, mama zangu mliokaa huku mbele, na ninyi vijana mliojazana kule mlangoni kama watu wanaosubiri basi: nawashukuru kwa kunialika. Mchungaji aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya mirathi. Sisi wastaafu wa mahakama ndilo jambo tunaloombwa kila mahali, mirathi na mipaka ya vihamba, haya mashamba yetu ya ukoo. Nikamwambia mirathi itasubiri Pasaka ipite. Nina neno limenikaa kifuani zaidi ya miaka 25, na umri wangu mnauona. Nikiendelea kulinyamazia nitazikwa nalo.

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Siku moja aliletwa mbele yangu kijana wa miaka kama ishirini aliyeiba baiskeli, na halikuwa kosa lake la kwanza. Ushahidi ulikuwa wazi, wazee wa baraza wawili waliokaa nami hawakuwa na shaka, nikamhukumu kifungo cha miezi sita. Kabla askari hajamshika mkono, mzee mmoja akasimama kwenye benchi la nyuma. Kofia ameivua, ameishika tumboni kwa mikono miwili. Akasema, "Mheshimiwa, naomba nifungwe mimi badala yake."

Watu wakacheka. Karani wangu naye akainamia daftari, nikajua anacheka. Mzee hakucheka. Akaeleza kwa utulivu kabisa: kijana ana mke mjamzito, yeye mwenyewe kazi za dunia amezimaliza, mgongo bado una nguvu za kulima shamba la gereza. "Miezi sita ni miezi sita, mheshimiwa. Serikali haitapungukiwa kitu."

Nikamjibu kwamba sheria hairuhusu. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyevaa makubazi ya tairi: "Mbona juma lililopita mama mmoja alimlipia mwanawe faini hapa hapa, mkapokea?"

Ni kweli tulipokea. Nilimwona yule mama akifungua pindo la khanga, akihesabu noti moja moja, na karani akamwandikia stakabadhi bila kuuliza fedha ni ya nani. Nikamwambia mzee kwamba faini ni fedha na kifungo ni mwili, na hayo ni mambo mawili. Nikaahirisha shauri lililofuata nikaenda kunywa chai.

Tulipotoka, mmoja wa wale wazee wa baraza, Mwislamu, mtu wa hekima ambaye nilikaa naye miaka mingi, akaniambia, "Umeamua sawa. Hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine." Ni aya ya Kurani hiyo. Nikamjibu kwamba hata kwetu imo, Ezekieli 18: "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe." Tukakubaliana vizuri sana. Kisha akanitazama pembeni, akatabasamu, akauliza, "Sasa Yesu wenu je?"

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani. Mhubiri, simtaji na wala hayupo hapa, alihubiri kwa moto. Mungu ni hakimu, alisema. Sisi tumesimama kizimbani, hukumu imesomwa, ni kifo. Mara Mwana anasimama nyuma ya mahakama anasema, "Niadhibu mimi badala yao." Na hakimu akakubali! Kanisa zima likaitika amina. Mimi mdomo ulinikauka, maana Ijumaa ile ile nilikuwa nimekataa, na nilikuwa na hakika kwamba kukataa kwangu kulikuwa haki. Kama ningekubali, ningefukuzwa kazi, na ningestahili kufukuzwa. Je, hakimu wa mahakama ya mwanzo anaweza kuwa na haki kuliko Mungu?

Ndugu zangu, swali hili si langu wala si la ukafiri. Musa alilipeleka kwa Mungu mwenyewe. Baada ya ile ndama ya dhahabu alipanda mlimani akaomba afutwe yeye katika kitabu ili watu wasamehewe. Someni Kutoka 32:33, Mungu akamjibu: "Mtu ye yote aliyenitenda dhambi ndiye nitakayemfuta katika kitabu changu." Yaani Musa alijitolea, na Mungu akamjibu kama nilivyomjibu yule mzee.

Nilipostaafu nikaanza kusoma. Niliona kwamba ile mahubiri ya kizimbani, ambayo wengi wetu tunadhani ndiyo Injili yenyewe tangu Pentekoste, ina historia, na historia yake ni ya wanasheria.

Kanisa la karne za kwanza lilipenda zaidi neno fidia na ukombozi. Mtu yuko utumwani, analipiwa, anatoka. Sisi wa nchi hii hatuhitaji kufafanuliwa. Wamisionari wa shirika la Kikatoliki la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wakinunua watoto katika soko la watumwa la Unguja ili kuwaacha huru, na neno lililotumika ni hilo hilo, kuwakomboa. Lakini fikiri kidogo. Ile fedha ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa mfanyabiashara wa watumwa, aliyeitia kibindoni na kurudi bara kutafuta wengine. Jambo jema, limetendwa kwa huruma, na bado limemlipa mwovu. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya nne, aliuliza swali hili juu ya damu ya Kristo: fidia ililipwa kwa nani? Kwa shetani? Haya, ni aibu jambazi kulipwa na Mungu. Kwa Baba? Lakini Baba hakuwa ametuteka sisi, na yeye ndiye aliyekataa Isaka asichinjwe, atafurahiaje damu ya Mwana wake? Gregori hakulifunga swali. Alisema yaliyobaki tuyaheshimu kwa kunyamaza. Nilipoyasoma hayo nilipumua.

Kisha akaja Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, ambaye karibu na mwaka 1098 alimaliza kitabu kinachouliza kwa nini Mungu akawa mtu. Aliishi katika dunia ya mabwana na watwana, ambamo kumvunjia bwana heshima lilikuwa deni, na ukubwa wa deni ulipimwa kwa ukubwa wa aliyekosewa. Mungu ni mkuu kupita kiasi, basi deni halina kiasi, na hakuna mwanadamu wa kulilipa. Anayeweza kulipa ni Mungu, anayepaswa kulipa ni mtu, basi akaja aliye vyote viwili. Ukisoma kwa makini, Anselm hasemi kwamba Yesu aliadhibiwa. Anasema kuna njia mbili, malipo au adhabu, na Kristo alitoa malipo ili adhabu isiwepo. Yuko upande wa ile khanga ya yule mama. Aliyehamisha jambo kutoka kwenye faini hadi kwenye kifungo, kwa nguvu kuliko wengine, ni Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, na Calvin, mnisamehe wanasheria wenzangu, alikuwa amesomea sheria.

Hata hivyo haikupita kimya. Fausto Sozzini, Mwitalia wa Siena aliyeishia Poland, alitoa kitabu mwaka 1594 akisema kitu ambacho mzee wangu wa kofia alikiona bila kitabu: deni la fedha aweza kulilipa yeyote, adhabu ya mwili hailipwi na mwingine. Akaongeza la pili, ambalo mimi naliona kali zaidi. Kama deni limelipwa lote, basi halikusamehewa. Mkopeshaji aliyepokea fedha yake yote kutoka kwa jirani yako hawezi kuja kujisifu kwako kwamba amekusamehe. Kanisa lilimhesabu mzushi, na katika mengine alikuwa mzushi kweli. Lakini kwenye hoja hii, kama angekuwa wakili mbele yangu, ningemwandikia ushindi.

Hapo mtu ataniambia, mheshimiwa, unasahau kwamba Yesu alikubali kwa hiari yake. Sikusahau. Hiari ndiyo iliyonipeleka Auschwitz. Mwishoni mwa Julai 1941 mfungwa mmoja alitoroka katika kambi ile ya Wanazi, na naibu mkuu wa kambi, Karl Fritzsch, akachagua watu 10 wafe kwa njaa kama kisasi. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, alilia kwa ajili ya mkewe na watoto wake. Padre Maximilian Kolbe akatoka mstarini, akaomba kuingia badala yake. Fritzsch akakubali. Kolbe aliishi wiki mbili katika chumba kile bila chakula, mwisho wakamchoma sindano ya sumu tarehe 14 Agosti. Gajowniczek aliishi hadi mwaka 1995. Mwaka 1982 alikuwapo Roma, mzee mwenye mvi, Kolbe akitangazwa mtakatifu.

Hakuna mtu hapa ambaye moyo wake haumsujudii Kolbe. Na hakuna hata mmoja anayemsifu Fritzsch kwa kukubali. Hakuna anayesema, "Kumbe alikuwa na haki, hesabu yake ya watu 10 ilitimia." Serikali haikupungukiwa kitu, sivyo? Sasa rudini kwenye ile mahubiri ya kizimbani. Kama Kolbe ni Yesu katika mfano ule, nani amekaa kwenye kiti cha yule anayekubali?

Nawaona baadhi yenu mmeinama. Nami niliinama.

Kiswahili chetu nacho kinatusukuma pabaya. Basi likipinduka kwenye kona fulani mara tatu, mtaani watu wananong'ona, tajiri wa basi ametoa kafara. Sisi tunajua kafara ya namna hiyo ni nini. Ni mtu kumtoa mwingine ili yeye astawi. Kisha tunaingia kanisani tunaimba kafara ya Kalvari, na mtoto wa darasa la nne anaunganisha mwenyewe kichwani. Mtume Yohana katika Biblia yetu anasema Yesu ni "kipatanisho". Ni neno lenye wapatanishwa wawili ndani yake. Hakuna tajiri humo.

Tena ukienda kwenye Walawi utashangaa jinsi mbuzi wa huko wasivyofanana na mahubiri yetu. Sura ya 16 ina mbuzi wawili. Haruni anaweka mikono miwili juu ya kichwa cha mmoja na kukiri juu yake maovu yote ya Israeli. Yule hachinjwi. Anapelekwa jangwani akiwa hai. Anayechinjwa ni yule mwingine, na damu yake inasafisha patakatifu. Hakuna mnyama anayeadhibiwa mle. Na sura ya 5 inasema mtu maskini asiyeweza hata njiwa alete unga, sehemu ya kumi ya efa, kile kipimo chao cha nafaka, na dhambi yake itasamehewa. Unga! Ndiyo maana Waebrania 9:22 inasema "karibu vitu vyote husafishwa kwa damu". Mimi kama hakimu nimefundishwa kutoruka neno "karibu".

Nitawasimulia ya nyumbani, kisha nimalize. Baba yangu na baba yangu mdogo walipakana vihamba, na mpaka ulikuwa wa masale, ile mimea yetu ya mpakani, kama kwenu. Usiku mmoja baba mdogo aliyang'oa masale na kuyapanda hatua nne ndani ya kwetu, akapata migomba kumi na mmoja. Nilikuwa darasa la tatu, naikumbuka idadi kwa sababu mama aliihesabu kila asubuhi kwa sauti. Ndugu wawili wakaacha kusalimiana. Misiba wanakaa pande mbili za moto.

Mnajua mila. Aliyekosa anakata jani la isale, analituma na mzee mwenye heshima, na ukiletewa isale huwezi kukataa hata kama amekuulia. Tulisubiri isale miaka mitatu. Halikuja. Aibu ilikuwa imemfunga baba mdogo kuliko kesi yoyote.

Ndipo asubuhi moja baba akakata isale mwenyewe. Mama akamwuliza anampelekea nani, akajibu, "Mdogo wangu." Mama aliketi chini. Kijiji kilicheka kama walivyocheka mahakamani kwangu: aliyeibiwa ndiye anakwenda kuomba msamaha! Alitangulia na jani, mimi nyuma nikimvuta mbuzi wetu, beberu la rangi ya kahawia tulilokuwa tunalinenepesha kwa Krismasi. Baba mdogo alipotuona mlangoni aliingia ndani akakataa kutoka. Tulikaa kwenye mgomba hadi saa sita. Alipotoka alikuwa analia, na mwanamume wa Kichagga wa wakati ule alikuwa halii mbele ya mtoto.

Mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, tukala. Hakuna aliyemwona yule beberu kama mkosaji. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga kwa niaba ya baba mdogo. Alikuwa chakula cha watu waliokuwa hawali pamoja. Lakini gharama ilikuwapo, na ilikuwa ya baba: mbuzi wake, heshima yake kijijini, na ile migomba kumi na mmoja, kwa sababu mpaka haukurudishwa hadi leo. Ukitaka kujua msamaha uligharimu kiasi gani, binamu zangu wanaujua mkungu kwa mkungu.

Miaka hamsini baadaye nasoma 2 Wakorintho 5, sura niliyoijua kwa moyo, macho yangu yakasimama kwenye mstari wa 20: "twawaomba ninyi kwa ajili ya Kristo mpatanishwe na Mungu." Twawaomba! Mungu anasihi. Na mstari uliotangulia, "Mungu alikuwa ndani ya Kristo". Hakuwa amekaa juu ya kiti akipokea. Alikuwa yeye ndiye anayekuja na jani mkononi. Sisi hatukutoka mlangoni kama baba mdogo. Sisi tulimwua. Damu ile tuliidai sisi, Kaiafa, kuhani mkuu, akiwa msemaji wetu: "yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu." Hiyo ndiyo hoja ya kafara kwa ufasaha wake wote, na Injili imeiweka kinywani mwa mwanasiasa aliyeogopa Warumi. Yohana anasema alitabiri bila kujua, na mimi nakubali, ila tusisahau ni nani aliyesema.

Sasa, hakimu huwa anasoma pia ushahidi usiomfaa. Isaya 53:10 inasema Bwana aliridhika kumchubua. Nimeuzunguka mstari huo miaka, na naukuta pale pale. Najua mstari wa 4 unasema sisi "tulimdhania" amepigwa na Mungu, na kwangu neno hilo ni zito sana. Lakini wa 10 upo, na mchungaji ana haki ya kuniuliza juu yake leo. Luther naye, mwaka 1520, aliandika kwamba nafsi na Kristo ni kama mke na mume, madeni ya mke yanakuwa ya mume na mali ya mume inakuwa ya mke. Napenda mfano ule kwa kuwa hauna kizimba. Bado Luther huyo huyo kwingine anazungumza lugha ya laana na ghadhabu, na siwezi kumchagua nusu.

Kwa nini nisumbue wazee kwa haya? Kwa sababu niliona matunda yake mahakamani. Mama mmoja alikuja jicho limefunga, mdomo umepasuka, akafungua shauri dhidi ya mumewe. Siku ya kusikilizwa akaliondoa. Nikamwuliza sababu. Akasema ameshauriwa kwamba Yesu aliteswa akanyamaza, naye abebe msalaba wake ili nyumba ipone. Kolbe alitoka mstarini kwa miguu yake, na Bwana alisema juu ya uhai wake, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Yule mama hakutoka mstarini. Alisukumwa, na waliomsukuma walikuwa na Biblia kwapani. Nikaandika kwenye jalada "mlalamikaji ameondoa shauri", kalamu ikiwa nzito, na sijasahau jina lake.

Kuhusu yule mzee wa kofia. Mwaka mmoja au miwili baadaye nilikutana na askari magereza mmoja kituo cha basi, tukakumbushana. Akaniambia mzee yule hakukosa siku hata moja ya kutembelea wafungwa, miezi yote sita. Alikuwa anafika kabla ya lango kufunguliwa, anapekuliwa kama mwizi, anasimama juani kwenye foleni, kofia mkononi. Na siku kijana alipotoka, mzee alikuwa nje na baiskeli. Askari alidhani ni ya kukodi. Kumbe ni ya kununua, na walipanda wote wawili, wakaenda kwanza kwa yule aliyeibiwa.

Mchungaji, naona unatazama saa. Nakaribisha maswali, na la Isaya 53:10 uliza wewe kwanza.